Tumeshinda, Wamefungwa: Je, Mwanasayansi Anaweza Kuwa Shabiki Lialia?

Jumatatu asubuhi, ukitaka kujua kati ya Simba na Yanga nani alicheka wikiendi, huna haja ya kufungua simu. Sikiliza tu viambishi. Aliyeshinda atakuambia "tumewapiga". Aliyepoteza atakuambia "wamefungwa, kocha mwenyewe hana mbinu". Timu ni ileile na shabiki ni yuleyule, lakini juzi alikuwa "sisi" na leo amehama, kawaacha wachezaji peke yao.

Nimeanza na hilo kwa sababu mbili. Kwanza, wanasaikolojia wa Marekani walilipima jambo hilohilo kwenye vyuo vikuu karibu miaka 50 iliyopita. Pili, mimi mwenyewe ni mmoja wa wagonjwa. Nasoma shahada ya uzamivu katika sayansi ya ubongo, kwenye chuo kikuu kimoja cha katikati ya Marekani. Siku tano kwa wiki nakata vipande vyembamba vya ubongo wa panya na kuvitazama kwa hadubini. Siku ya sita, kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba, navaa jezi, napaka rangi mashavuni na kupiga kelele mpaka sauti inakauka, kwa ajili ya timu ya chuo changu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mkononi na kuvaa helmeti.

Watu wawili wameniuliza swali moja kwa namna mbili. Mama, kwa simu kutoka Mwanza: "Hivi mwanangu, umeenda huko kusoma au kuangalia mpira?" Msimamizi wangu, kwa upole: "Jumamosi ulipata nafasi ya kupita maabara?" Ukiyaondoa maneno, wote wanauliza hivi: mtu anayetaka kuishi kwa ushahidi, anawezaje kuwa shabiki lialia? Leo nataka tulijibu kwa kutumia sayansi yenyewe. Nikuonye mapema tu, kuna sehemu jibu halinifurahishi hata mimi.

Kwanza, "timu ya chuo" huku ni kitu gani?

Ukisikia timu ya chuo, usifikirie ile mechi ya mwisho wa muhula ambayo watazamaji ni marafiki wa wachezaji na muuza karanga. Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Dar es Salaam unachukua watu 60,000. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unachukua watu 107,601, na upo katika mji wa Ann Arbor ambao wakazi wake ni kama 120,000. Yaani ukiwakusanya wakazi wa mji mzima, karibu wote watapata viti.

Mambo haya yana historia ndefu. Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kati ya vyuo ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers dhidi ya Princeton. Kufikia 1905 mchezo ulikuwa umeua na kuvunja vijana wengi kiasi kwamba Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton. Mwaka uliofuata kikaundwa chombo ambacho baadaye kiliitwa NCAA, na ndicho kinachosimamia michezo ya vyuo hadi leo. Kumbuka hilo la 1905, tutalirudia.

Kwa miaka mingi wachezaji hawa walipata ufadhili wa masomo tu, huku vyuo vikivuna fedha za televisheni na viingilio. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi, majaji wote 9 kwa kauli moja, dhidi ya NCAA kuhusu mipaka iliyokuwa imewawekea wachezaji. Mwezi uliofuata wakaruhusiwa kupata kipato kutokana na majina na sura zao, na mwaka 2025 mlango ukafunguliwa kwa vyuo kuwalipa moja kwa moja.

Nasi Waafrika Mashariki si wageni kabisa kwenye nyumba hii. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington alipovunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow 1980, alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso. Na Hasheem Thabeet wetu aliichezea Connecticut mpira wa kikapu kabla ya kuchaguliwa wa pili katika usajili wa NBA wa 2009. Mtanzania anayeshangilia timu ya chuo cha Marekani si kichaa wa kwanza.

Kwa nini tunasema "tumeshinda"?

Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti ambao ningependa kila shabiki ausome. Katika vyuo vikuu 7 vyenye timu kubwa, walihesabu wanafunzi waliovaa nguo zenye jina au nembo ya chuo siku ya Jumatatu. Timu ikiwa imeshinda Jumamosi, nguo za chuo ziliongezeka darasani. Hakuna mwanafunzi kati ya hao aliyegusa mpira. Walikuwa wanaota moto uliowashwa na wengine.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonichoma. Watafiti waliwapigia simu wanafunzi, wakawauliza maswali machache, kisha wakawaambia baadhi kwamba wamefanya vizuri na wengine kwamba wamefanya vibaya. Matokeo hayo yalipangwa tu, hayakuhusu majibu yao halisi. Baada ya hapo wakawaomba wasimulie mechi fulani ya chuo chao ilikwendaje. Kwa ujumla watu walisema "sisi" zaidi walipokuwa wanasimulia ushindi. Lakini tofauti ilionekana hasa kwa wale waliokuwa wameambiwa wamefeli. Aliyetoka kuumizwa nafsi ndiye aliyeikimbilia "tumeshinda" kwa kasi.

Sasa fikiria maisha ya mwanafunzi wa uzamivu. Jaribio linafeli Jumatatu, unarudia Jumatano, linafeli tena. Makala uliyoituma kwenye jarida inarudi na maoni kurasa nne, na ya kwanza inasema swali lako halina umuhimu. Miezi inapita bila mtu kukuambia umeweza. Halafu Jumamosi jioni kijana wa miaka 20 anakimbia na mpira yadi 60, na ghafla wewe uliyekaa safu ya 71 umeshinda. Kumbe sikuwa nafuata mpira tu. Nilikuwa nafuata mahali ambapo matokeo yanatoka siku hiyohiyo, saa tatu na nusu baada ya kuanza, na ubao unaonyesha namba ambayo hakuna mhakiki atakayeibishia.

Mwili nao unacheza

Usidhani ni maneno matupu. Mwaka 1998 Paul Bernhardt na wenzake walichapisha kipimo cha homoni ya testosteroni kwenye mate ya mashabiki wanaume kabla na baada ya mechi. Kundi moja walikuwa mashabiki wa mpira wa kikapu wa vyuo viwili hasimu vya jimbo la Georgia, kundi jingine walikuwa wanatazama fainali ya Kombe la Dunia 1994 kati ya Brazil na Italia. Kwa walioshinda homoni ilipanda, kwa walioshindwa ikashuka. Makundi yalikuwa madogo sana, hivyo usijenge ghorofa juu ya msingi huo. Lakini ukweli kwamba mwili wa mtazamaji unajibu ushindani alioutazama tu, bila kuushiriki, unanifikirisha.

Kuna pia dopamini. Watu wengi huiita kemikali ya raha, ila kazi za Wolfram Schultz na wenzake kwa nyani miaka ya 1990 zilionyesha picha iliyo tofauti kidogo. Seli za dopamini ziliwaka nyani alipopata juisi ambayo hakuitegemea. Alipokwisha kuzoea kwamba taa ikiwaka juisi inakuja, ziliwaka kwenye taa, si kwenye juisi. Na taa ikiwaka kisha juisi isije, zilinyamaza chini ya kiwango cha kawaida. Kwa hiyo zinachopima zaidi ni tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata.

Weka hilo kwenye mpira na utaelewa mambo mengi. Timu kubwa ikiifunga timu dhaifu, unatabasamu na kwenda kula. Timu dhaifu ikiiangusha kubwa, unamkumbatia mtu usiyemjua.

Mfano mzuri ni mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo kila mwezi Machi. Timu 68 zinaingia, na kila kanda ina timu zilizopangwa kwa ubora, namba 1 hadi 16. Tangu 1985, timu namba 1 zilikuwa zimekutana na namba 16 mara 135 na kushinda zote 135. Tarehe 16 Machi 2018, Virginia, namba 1, ikakutana na UMBC, chuo cha Maryland kilichojulikana zaidi kwa sayansi na mchezo wa chesi. UMBC wakashinda 74 kwa 54. Siyo kwa bahati ya dakika ya mwisho, ni kipigo kabisa.

Mamilioni ya watu walikuwa wamejaza mikeka yao, na mingi ikachanika usiku huo. Kabla hujalaumu mkeka wako wa wikiendi, piga hesabu hii: ukiondoa mechi chache za awali, kuna mechi 63, kila moja ina matokeo mawili. Njia za kujaza mkeka ni 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 63, yaani 9,223,372,036,854,775,808. Hata ukiujua mpira vizuri, namba hiyo haikuonei huruma. Mimi kila Machi najaza, kila Machi unachanika siku ya kwanza, na kila Machi nakumbuka kwamba tukio lenye uwezekano mdogo si tukio lisilowezekana. Ni somo la takwimu ambalo darasani halikuniingia vizuri hivyo.

Jicho la shabiki na jicho la maabara

Novemba 1951, Princeton walicheza na Dartmouth. Ilikuwa mechi ya fujo. Nyota wa Princeton, Dick Kazmaier, alitolewa akiwa amevunjika pua. Baadaye mchezaji wa Dartmouth akavunjika mguu. Princeton walishinda, na magazeti ya vyuo viwili yakaandika kana kwamba yalikuwa viwanja tofauti.

Albert Hastorf wa Dartmouth na Hadley Cantril wa Princeton wakafanya jambo la busara. Wakachukua filamu ya mechi, wakawaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili, wakawaomba wahesabu makosa. Wanafunzi wa Dartmouth waliona wastani wa makosa 4.3 kwa timu yao na 4.4 kwa Princeton, yaani ngoma droo. Wanafunzi wa Princeton waliona makosa 4.2 kwa timu yao na 9.8 kwa Dartmouth. Filamu ni moja. Hakuna aliyekuwa amelewa, hakuna aliyekuwa analipwa kudanganya.

Ukiwahi kubishana na mtani wa jadi kama ile ilikuwa penalti au la, umeshiriki katika jaribio hili bila kujua. Na hapa ndipo ushabiki umenisaidia kuwa mwanasayansi bora kuliko nilivyokuwa. Zamani, niliposoma kwamba anayehesabu seli kwenye hadubini asijue kipande kipi kinatoka kwa panya aliyepewa dawa, niliona ni usumbufu wa kanuni tu. Mimi si mwongo, nitahesabu kwa haki, kwani kuna shida gani? Kisha Jumamosi moja nikaapa mbele ya watu kwamba mchezaji wetu hakukanyaga mstari. Wakairudia picha taratibu kwenye skrini kubwa. Alikuwa ameukanyaga mguu mzima.

Sikuwa nasema uongo. Niliona kweli kwamba hakukanyaga. Na dawa ninayoifanyia utafiti naishabikia kuliko timu, maana shahada yangu imo ndani yake. Tangu siku hiyo, vipande vyangu vyote mwenzangu anaviwekea namba za siri kabla sijavigusa. Anayejua kwamba ana upande ni salama kuliko anayejidanganya kwamba hana.

Haya, na masomo je?

Mama yangu anastahili jibu la moja kwa moja. Wachumi watatu, Jason Lindo, Isaac Swensen na Glen Waddell, walichukua rekodi za matokeo ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oregon na kuzilinganisha na ushindi wa timu ya chuo. Katika utafiti wao wa 2012, timu iliposhinda zaidi, GPA za wanaume zilishuka zikilinganishwa na za wanawake. Wanafunzi wenyewe walipoulizwa, wanaume walikiri zaidi kwamba timu ikishinda wanakunywa zaidi, wanasherehekea zaidi na kusoma kidogo. Angalia vizuri: kilichowaharibia si kufungwa, ni kushinda. Kwa hiyo ndiyo mama, kuna gharama.

Upande wa pili nao una uzito. Mwaka 2018 utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature Biotechnology, uliohoji wanafunzi zaidi ya 2,000, wengi wao wa uzamivu, ulikuta dalili za wasiwasi na sonona kwao zikiwa zaidi ya mara 6 ya watu wa kawaida. Waliojibu walijitokeza wenyewe, hivyo huenda wenye shida ndio waliovutiwa zaidi kujibu, lakini yeyote aliyepita njia hii anajua kwamba moshi huo hautoki bure. Mwanasaikolojia Daniel Wann, aliyetumia miaka mingi kuwachunguza mashabiki, ameonyesha mara kadhaa kwamba watu wanaojihesabu kuwa sehemu ya timu ya mahali wanapoishi huwa na upweke kidogo. Ni uhusiano tu, haithibitishi kwamba timu ndiyo inayoponya. Ila neno la muhimu hapo ni "mahali wanapoishi".

Nilipofika huku, mwezi wa kwanza nilikuwa nahesabu siku ambazo sikuongea na mtu nje ya maabara. Siku nilipovaa jezi nikaenda dukani, mzee aliyekuwa anapanga nyanya aliniuliza, "Unaonaje, Jumamosi tutatoka?" Alisema "tutatoka", na mimi nikiwemo. Hakuniuliza natoka wapi. Ukiwa mgeni, kiambishi kimoja kinaweza kukufanya ulale vizuri.

Sasa tufike penye maumivu

Nilikuambia nasoma ubongo. Pia ni mwalimu msaidizi. Naendesha semina ya biolojia ya mwaka wa kwanza. Mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa mchezaji wa timu. Namba ya jezi nimebadilisha, tumwite 44. Kijana mpole, anakaa nyuma, anachelewa kuandika lakini maswali yake ni mazuri.

Jumamosi moja, robo ya tatu, mchezaji wa kwetu alimkata mpinzani kwa mgongano ambao sauti yake tuliisikia juu kabisa. Uwanja mzima ukasimama. Nami nikasimama, nikapiga ngumi hewani, nikapiga kelele. Walipoinuka, wa kwetu alichukua hatua mbili kuelekea kwenye kundi la wapinzani, kisha akageuka. Ndipo nikaiona namba. Ilikuwa 44.

Nikueleze kinachotokea, maana helmeti inatudanganya. Ubongo ni laini na unaelea ndani ya maji. Kichwa kikisimama ghafla, au kikizunguka ghafla, fuvu linasimama lakini ubongo unaendelea kidogo. Nyuzi ndefu za neva zinavutika. Helmeti inazuia fuvu lisipasuke, na inafanya kazi hiyo vizuri, lakini haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike ndani. Ndani ya nyuzi hizo kuna mirija midogo kama reli za kusafirishia mizigo, na protini inayoitwa tau inasaidia kuishikilia. Mitikisiko ikijirudia kwa miaka, tau inaweza kuachia, ikajikunja na kuganda mabonge, hasa kando ya mishipa midogo ya damu kwenye mabonde ya ubongo. Huo ndio ugonjwa unaoitwa CTE, na hadi leo unathibitishwa kwa uhakika baada ya kifo tu.

Mwaka 2017 Ann McKee na wenzake wa Chuo Kikuu cha Boston waliripoti uchunguzi wa bongo 202 za watu waliowahi kucheza mpira wa Kimarekani. CTE ilikutwa kwa 177. Kati ya waliofika ligi kuu ya NFL, ilikuwa 110 kati ya 111. Kati ya walioishia ngazi ya chuo, 48 kati ya 53. Tahadhari ni lazima: bongo hizi zilitolewa na familia, na familia iliyoona dalili ndiyo yenye sababu ya kutoa. Kwa hiyo huwezi kusema asilimia 91 ya wachezaji wote wa vyuo wana CTE. Kundi hilohilo la watafiti baadaye lilikuta kwamba kila mwaka wa kucheza uliongeza uwezekano wa ugonjwa kwa karibu asilimia 30. Si lazima uwe umezimia uwanjani. Vipigo vidogo visivyo na dalili navyo vinahesabika.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Nimeyafundisha. Na bado nilisimama nikashangilia.

Jumatatu 44 alikuja semina. Alikaa karibu na dirisha, akainuka akashusha pazia, akakaa tena na mkono machoni. Nilimwomba tubaki wawili. Nikamuuliza kichwa kinauma tangu lini. "Niko sawa, mwalimu," akasema, kisha, "tafadhali usimwambie mtu, nimeipata nafasi hii wiki mbili tu zilizopita." Mwanga unamsumbua, kichwa kinagonga, tena anacheza Jumamosi ijayo. Pigo la pili kabla ubongo haujapona laweza kuwa hatari kuliko la kwanza. Nikamwambia sina cha kuficha wala cha kutangaza, ila twende wote kliniki sasa hivi. Alinitazama kwa muda. Tukaenda kwa miguu, kimya.

Alikaa nje mechi mbili. Ya pili tulifungwa kwa pointi tatu, na pigo la mwisho lilipita upande ambao 44 huwa anakaba. Nikiwa njiani kurudi nyumbani, kuna sauti ndogo ndani yangu iliyosema: angekuwepo yule kijana... Nakuambia hili ili usije ukadhani shahada inamtibu mtu. Nilikuwa nimempeleka mimi mwenyewe.

Basi, nafanyaje?

Sijaacha mpira. Ningekuambia nimeacha, ningekuwa nakudanganya. Lakini nimeweka masharti, na ukipenda chukua yanayokufaa.

Muda wangu naupangia mapema. Ratiba ya msimu inatoka miezi kabla, kwa hiyo majaribio yanayohitaji kuangaliwa kila baada ya saa chache siyaanzishi wiki ya mechi ya nyumbani. Msimamizi nilimwambia waziwazi: Jumamosi sita kwa mwaka sipatikani, nyingine zote nipo. Nilishangaa alivyokubali haraka. Kilichokuwa kinamkera ni kutojua.

Baada ya ushindi sifanyi kazi inayohitaji uangalifu mpaka kesho yake. Wale wa Oregon wamenifunza niogope ushindi.

Sishangilii tena pigo la kichwani, hata likiwa letu. Mara ya kwanza jirani yangu uwanjani aliniuliza kama naumwa. Nikamweleza kwa maneno matano juu ya tau. Hakubadilika, lakini mechi iliyofuata alinisogezea karanga, akaniuliza kama mwanawe wa miaka 9 aanze kucheza sasa au angoje. Nikampa ninachokijua: miaka inahesabika, kila mwaka.

Na ninajisikiliza kiambishi. 44 alirudi uwanjani baada ya madaktari kumruhusu, na mwishoni mwa muhula akafaulu biolojia. Siku alipofanya kosa lililotugharimu mechi, kijana nyuma yangu alisema, "Wametuangusha tena hawa." Nami neno hilohilo lilikuwa mdomoni. Nikalimeza. Kama Jumamosi ya ushindi nilikubali kuwa "sisi" bila kukimbia hata yadi moja, basi na ya kufungwa ni yangu pia, na kichwa kinachouma Jumatatu kina sehemu yangu.

Jumatatu ijayo jisikilize. Kama timu yako imepoteza na bado unaweza kusema "tumefungwa", umefaulu mtihani mmoja wa shabiki. Kama unaweza kusema pia "kweli, ilikuwa penalti yao", karibu maabara.